Sahihi za Jumamosi

Benchi lenyewe halikuwa la kujivunia. Ubao mmoja mrefu uliolainishwa na makalio ya miaka mingi, miguu mitatu ya mti na mmoja wa chuma, ambao Spana aliuchomelea siku mguu wa zamani ulipokata tamaa. Liliegemea ukuta wa gereji yake ya pikipiki, na ng'ambo ya barabara, usoni kabisa, kulikuwa na mlango wa buluu wa nyumba ya mama yake. Hapo benchini ndipo dunia ilipotengenezwa kila asubuhi, kikombe kwa kikombe, na kuharibiwa tena kabla ya adhuhuri. Jumatano hiyo wenyewe walikuwa wametimia. Alikuwepo Dokta, aliyefagia korido za hospitali miaka kumi na minane akatoka na elimu yote isipokuwa cheti. Alikuwepo Wakili, aliyewahi kuwa shahidi katika kesi ya ukuta wa jirani, na tangu siku hiyo hajashindwa kesi hata moja, maana hajapata nyingine. Alikuwepo Mzee Methali, mtu wa methali nyingi na zote za kweli, ila hakujali zinaangukia wapi. Muuza kahawa walimwita Birika, na yeye alikuwa akipuliza mkaa huku akisikiliza. Spana peke yake hakuwa na raha. Alikaa ukingoni na kabureta mkononi, akiifuta mahali palipokwisha kutakata kitambo.

— Leo ndiyo leo, akasema Dokta. Mkaguzi anakuja.

— Barua inasema kati ya saa mbili na saa tano, akajibu Spana. Sasa ni saa nne kasoro. Mbona simwoni?

— Mkaguzi haonwi, bwana wee. Mkaguzi ndiye anayeona.

Barua ilikuwa ya ofisi inayokagua wahudumu wa wagonjwa majumbani. Mama yake Spana alipatwa na kiharusi miaka miwili iliyopita, upande wa kushoto ukalala, na nyumba hiyo ya mlango wa buluu ikaanza kupokea wahudumu. Wa kwanza alikuja siku alizojisikia kuja. Wa pili alimwinua mama kwa mkono mmoja kama mtu anayenyanyua gunia la viazi. Wa tatu hakuwa na kosa linalojulikana, ila mama alifunga mdomo asile mbele yake, akakonda mpaka pete ikamvuka kidoleni. Kisha kampuni nyingine ikamleta Sista. Kwa Sista mama alifungua mdomo, akala, akanenepa kidogo, na hata akaanza tena kuwatukana majirani, jambo ambalo mtaa mzima ulilipokea kwa furaha. Lakini mwezi uliopita kampuni ya mtaa wa pili ilikaguliwa ikafungwa, na wazee wake wote wakaamka bila mtu wa kuwageuza kitandani. Spana alijua hesabu yake ni fupi. Kampuni ikianguka leo, Sista anaondoka. Sista akiondoka, mama anafunga mdomo.

— Kwanza wanaanza na mgongo, akasema Dokta, akijiweka sawa. Wanamgeuza mgonjwa, wanatazama ngozi. Kidonda kikiwa kama kifungo, barua ya onyo. Kikiwa kama kisahani, kufuli mlangoni.

— Hana kidonda, akasema Spana. Sista anamgeuza kila saa mbili.

— Sijamaliza. Halafu kuna kidole. Mkaguzi ana kidole chake rasmi. Anakipitisha juu ya kabati, kikitoka na vumbi, mhudumu kwisha habari yake.

— Hayo ya zamani, akadakia Wakili. Siku hizi wanapima uzito. Mama aliingia mkataba na kilo hamsini. Leo ana arobaini na nane. Zile mbili ziko wapi? Huo ni wizi wa kilo.

— Ameongezeka, si kupungua.

— Ameongezeka? Hapo ndipo pabaya kabisa, ndugu yangu. Kaongezwa na nani? Kwa idhini ya nani? Ameongezwa kwa maandishi?

Mzee Methali akakohoa. Watu wakanyamaza, si kwa heshima tu, bali kwa kujua kwamba akikatizwa huanza upya.

— Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mzee wangu, akalia Spana, huyu mgeni anakuja kuniponza!

— Ukishaponzeka ndipo unapona, akasema Mzee Methali, akanywa kahawa yake kwa amani.

Birika akauliza, kama mtu asiye na haraka ya kujibiwa, mkaguzi atajuaje mambo ya miezi sita kwa kuingia nyumbani asubuhi moja. Hilo likawa kosa, kwa sababu liliwafungulia mlango.

— Wana mgonjwa wa bandia, akasema Wakili kwa sauti ya chini. Kuna bibi mmoja kaajiriwa, kazi yake ni kuugua. Analazwa kwenye nyumba, anahudumiwa, anatazama kila kitu, akipona anaandika ripoti.

— Kwa mama amelala mama tu, akasema Spana. Mmoja. Namjua tangu nizaliwe.

— Mimi nilivyosikia, akasema Dokta, wanatia kijidude ndani ya mto. Kinasikiliza mkoromo. Ofisini kuna mtaalamu, yeye akisikia tu anajua: huu ni mkoromo wa mtu aliyeshiba, huu ni wa mtu mwenye njaa, huu ni wa mtu aliyepewa dawa mbili badala ya moja.

— Wa njaa ukoje? akauliza Birika.

Dokta akaufanya. Mbwa aliyelala chini ya pikipiki akainuka, akaenda kulala kwingine.

— Nyie mnacheza, akasema Wakili. Hebu niulize swali la kisheria. Spana, yule paka wa mama alikuja lini?

— Paka? Alikuja mwenyewe tu. Mwezi wa tatu.

— Na mkataba wa Sista?

— Mwezi wa pili.

Wakili akaweka kikombe chini taratibu.

— Sisemi kitu, akasema.

— Kikulacho ki nguoni mwako, akasema Mzee Methali. Paka huyo analala wapi?

— Kwenye kapu la nguo.

— Basi!

Spana akacheka bila kutaka, kisha akaona aibu kucheka. Alikuwa ameutazama mlango ule wa buluu tangu kahawa ya kwanza, akingoja gari refu, koti na faili. Wiki tatu nzima alikuwa amejiandaa kwa njia aliyoijua yeye, yaani kwa nyundo na moto. Bafuni alikuwa amekaza kishikio cha chuma ambacho hata tembo angekishika kisingeng'oka. Mlango wa mbele alikuwa ameumwagia mteremko wa saruji kwa ajili ya kiti cha magurudumu, na jana jioni akaupaka rangi. Kila asubuhi akifika kazini alisimama kizingitini, akaita, "Mama, hujambo?" na akishasikia sauti ya Sista ikijibu kwamba mama hajambo, aligeuka akavuka barabara. Mtaa ulimsifu kwa kuwa mtoto anayejua wajibu wake, naye alizipokea sifa hizo kama mtu anayepokea mzigo wa mwenzake.

— Yote hayo ni madogo, akasema Dokta. Kubwa ni daftari.

Kabureta ikasimama mkononi mwa Spana.

Daftari lilikuwa la kijani, la kampuni. Kila siku Sista aliandika humo ukurasa mzima: mama kala nini, kaogaje, dawa gani saa ngapi, mgongo ukoje. Chini kabisa kulikuwa na nafasi ya ndugu wa mgonjwa kusoma, kisha kutia sahihi, kila siku, ili kampuni ijue kwamba kuna jicho la nyumbani. Jicho la nyumbani lilikuwa hapa benchini. Kila Jumamosi Sista alivuka barabara, akaliweka daftari kwenye meza ya spana, akarudi kwa mama. Na kila Jumamosi Spana alitia sahihi saba mfululizo bila kusoma hata mstari mmoja, kama mtu anayekaza nati saba za gurudumu.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Mzee Methali.

— Ziko zote, akasema Spana, akijitetea. Hakuna siku iliyokosa sahihi.

— Haikosi, akasema Dokta, akiangalia vidole vyake. Hata zile Jumamosi ulizokwenda kutafuta vipuri.

— Ndiyo, hata… Ngoja. Nani alisaini nilipokwenda kutafuta vipuri?

Dokta akamtazama Wakili, Wakili akatazama barabara.

— Daftari lilikuwa mezani, akasema Dokta. Kalamu ilikuwa mezani. Nikaona mtoto wa watu asije akapata matatizo.

— Na mimi mara mbili tatu, akasema Wakili. Kumi. Lakini mimi nilitia sahihi yangu ya kisheria, ile yenye mkia.

— Jamani! Mtoto mmoja ana sahihi tatu?

— Umoja ni nguvu, akasema Mzee Methali.

Spana akashika kichwa. Daftari sasa lilikuwa ndani, mezani kando ya kitanda cha mama, likimngoja mkaguzi. Dokta akashauri litumbukizwe kwenye beseni la maji, itasemwa ni ajali ya kuoga. Birika akasema kahawa inafuta wino vizuri zaidi, akajuta kusema. Wakili akainua mkono kutuliza baraza.

— Hakuna cha kufuta. Tunabadilisha idadi ya watoto. Kisheria, mtoto ni nani? Mtoto ni yule anayesaini. Tumesaini watatu, basi watoto ni watatu. Mimi wa kwanza, Dokta wa pili, Spana kitinda mimba.

— Mama yangu ana mtoto mmoja!

— Alikuwa naye mmoja.

— Na mimi? akauliza Mzee Methali.

— Wewe mjomba.

Mjomba akaridhika. Akawaonya wawe macho, maana kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mkaguzi akipita atajulikana kwa miguu. Wote wanne wakaanza kutazama miguu ya wapita njia, kiasi kwamba mwanamke mmoja aliyekuwa akitokea uchochoro wa ng'ambo akasimama akatazama viatu vyake mwenyewe kama vimeshika kitu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, raba miguuni, mkoba wa kitambaa begani. Mzee Methali akamkagua kuanzia visigino, hakuona kamba, akapumua.

— Hapa ndipo kwa Spana? akauliza.

— Ndipo, dada, akasema Wakili. Pikipiki iko wapi?

— Sina pikipiki. Naweza kukaa?

Wakasogeana. Birika akammiminia kikombe. Wakili, aliyekuwa amepata wazo, akamgeukia kwa unyenyekevu wote.

— Dada yangu, umekuja wakati mzuri. Sisi hapa ni ndugu watatu wa tumbo moja, na tunangoja mkaguzi wa huduma ya mama yetu. Tunataka kufanya mazoezi. Hebu jifanye wewe ndiye mkaguzi.

— Lakini mimi…

— Usijali kama hujui kazi. Tutakuelekeza.

Mwanamke akafikiri kidogo, akapuliza kahawa yake.

— Haya. Nani kati yenu mkubwa?

Mikono mitatu ikainuka. Wa Spana ukashuka kwanza.

— Mama anakunywa vidonge vingapi asubuhi?

— Vitatu, akasema Dokta.

— Viwili, akasema Wakili, na haki ya kukata rufaa.

Mwanamke akamtazama Spana.

— Sista anajua, akasema Spana.

— Anapenda kulala ubavu gani?

— Ule… Sista anajua.

— Siku hizi akicheka, huwa anacheka nini?

Spana akaigeuza kabureta mkononi. Alijua kipimo cha kila skrubu ya nyumba ile. Alitafuta kicheko cha mama yake, na alichokipata kilikuwa cha zamani, cha kabla ya kiharusi, kile cha kupiga mapaja.

— Sista anajua, akasema tena, akaiweka kabureta chini.

— Sista anajua mengi, akasema mwanamke.

— Umejitahidi, dada, Wakili akampa moyo. Ila mkaguzi wa kweli ana ukali, na maswali yake si mepesi namna hiyo. Halafu anashika kitu. Hebu shika chochote, kama faili.

Mwanamke akaingiza mkono mkobani, akatoa daftari la kijani.

Birika alikuwa akimimina. Kikombe kikajaa, kikafurika, kahawa ikamwagika juu ya kiatu cha Dokta, na Dokta hakuuvuta mguu.

— Nilifika saa mbili na dakika tano, akasema mkaguzi. Hapa palikuwa hakuna mtu. Nikaingia kwa mlango wa jikoni, maana wa mbele mmeandika 'rangi mbichi'.

— Mheshimiwa, akaanza Wakili, kuhusu huo undugu wa tumbo moja, nilikuwa nikizungumza kwa maana pana.

— Nimeelewa. Mama mwenyewe kaniambia anaye mmoja, tena mfupi.

Mzee Methali akaitazama tena miguu ya mkaguzi, kwa uchungu, kama mtu aliyedanganywa na wahenga.

Spana akasimama. Alitaka kulisema kabla halijasemwa.

— Mama mkaguzi, kosa ni langu. Sista hana hatia. Aliniletea kila Jumamosi. Niadhibuni mimi, msimwondoe yeye. Nawaomba. Mama hali kwa mwingine.

— Kaa, baba. Sista sina neno naye. Nimemtazama akimwinua, nimeutazama mgongo, nimelinganisha vidonge na karatasi ya hospitali. Nimemwuliza mama peke yake, Sista akiwa nje, kama kuna anayemkaripia au kumwumiza. Kazi ile ni safi. Anabaki.

Benchi lote likashusha pumzi kwa pamoja, hata mguu wa chuma ukalia. Dokta akampiga Spana begani. Wakili akatangaza kwamba kesi imefutwa.

— Kilichobaki ni hiki cha chini, akasema mkaguzi, akafungua daftari. Kuna mstari wa maneno ya mgonjwa kwa familia yake. Sista anamwuliza kila siku, anaandika vilevile anavyosema. Mmetia sahihi kwamba mmesoma. Jumatatu: 'Mwambieni mwanangu aje akae.' Sahihi ipo. Alhamisi: 'Mwambieni kishikio kimekaza, nimeona, sasa aje akae.' Sahihi hii ya nani?

Dokta akainua kidole kimoja, chini chini.

— Wiki iliyofuata: 'Mteremko wa nini? Mimi siendi popote. Aje akae.' Hii yenye mkia?

Wakili hakuinua kitu.

— Ziko mia moja na sabini na sita. Maneno yanabadilika mwanzo, mwisho ni uleule. Leo nilipomwuliza kama ana malalamiko, alisema hana. Ila amenituma swali kwa mwanawe, na nimeahidi kurudi na jibu, ananingoja. Anauliza: 'Ananiogopa?'

Akaweka kalamu tayari juu ya ukurasa.

Hapakuwa na ukali katika sauti yake, na hilo ndilo lililowashinda. Wakili, mwenye kifungu kwa kila jambo, alitazama ndani ya kikombe. Dokta akainama kufuta kahawa kiatuni. Mzee Methali alifungua mdomo, akaufumba, na Birika alisema baadaye kwamba hiyo ndiyo siku pekee aliyoona wahenga wakikosa la kusema.

Spana aliogopa, ndiyo. Siku ile ya kwanza aliuona mdomo uliomlea, uliomkaripia yeye na nusu ya mtaa, umekwenda upande mmoja, na jina lake likitoka humo vipande vipande. Tangu hapo alikaza kila kilicholegea ndani ya nyumba ile, wakati mama amelala, kwa sababu kile kimoja hakuweza kukikaza, na hakuwa na uso wa kwenda kukaa mbele yake mikono mitupu. Lakini hilo si jambo la kumwambia mtu mbele ya watu wanne na birika la kahawa.

— Niandike nini? akauliza mkaguzi.

Spana alimtazama, akautazama mlango wa buluu, akavuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto. Pikipiki moja ilimpigia honi, ikamkwepa. Kizingitini hakuita. Aliingia.

Kijiweni wakatega masikio. Muda ukapita. Kisha sauti ya mama, nzito na ya polepole, ikavuka barabara neno moja moja:

— Nawa… mikono… kwanza.

Wakasikia bomba likifunguliwa, maji yakitiririka, kisha kiti kikivutwa hadi kando ya kitanda. Mkaguzi akafunga kalamu yake.